Fedha za Maendeleo ya Mitaa: Jinsi Miji ya Marekani Inavyoamua Mtaa Upi Upewe

Mji ukipokea fedha kutoka Serikali Kuu kwa ajili ya kuwaendeleza wakazi wake, ni nani anayeamua zitumike wapi? Watu wengi hudhani ya kuwa jambo hilo huamuliwa siku moja, madiwani wakutanapo na kuinua mikono. Wengine hudhani ya kuwa Serikali Kuu yenyewe ndiyo huitaja barabara ya kutengenezwa na nyumba ya kuezekwa. Dhana hizo mbili zina ukweli kidogo tu. Katika somo hili tutatazama jinsi kazi hiyo inavyofanyika katika miji ya Marekani, ambako utaratibu wake umeandikwa katika sheria tangu mwaka 1974, na ambako makosa yake nayo yamekwisha andikwa, tena mengine yamefikishwa mbele ya majaji.

Fedha hizo zilivyoanza

Kabla ya mwaka 1974 Serikali Kuu ya Marekani ilikuwa na mifuko mingi ya kuisaidia miji, na kila mfuko ulikuwa na ofisi yake, fomu zake na masharti yake. Mfuko mmoja ulikuwa wa mabomba ya maji na mitaro ya maji machafu, mwingine wa viwanja vya wazi, mwingine wa majumba ya mikutano mitaani. Ulioleta mabadiliko makubwa kuliko yote ulikuwa ule wa kubomoa mitaa mibovu na kuijenga upya, ulioanzishwa kwa Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949. Mji ulipotaka fedha ulipeleka ombi Washington, na ombi hilo likashindana na maombi ya miji mingine. Mji wenye makarani hodari wa kuandika ulipata. Mji usio nao ulirudi mikono mitupu, hata kama shida zake zilikuwa kubwa zaidi.

Tena fedha zile za kubomoa ziliacha kovu. Katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, watu wapatao 8,000, walio wengi wao Wamarekani Weusi, walihamishwa kutoka sehemu ya chini ya mtaa wa Hill katika miaka ya 1950. Nyumba zao, maduka yao na makanisa yao yakavunjwa, na mahali pale pakajengwa ukumbi mkubwa wa michezo na maonyesho, uliofunguliwa mwaka 1961. Shauri lilikuwa la wakubwa wa mji na matajiri wenye viwanda na maduka. Msomaji akiikumbuka habari hiyo ataelewa kwa nini sheria iliyofuata ilitia mkazo katika mikutano ya hadhara.

Tarehe 22 Agosti 1974, yapata majuma mawili baada ya kushika madaraka, Rais Gerald Ford alitia sahihi Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Jamii. Kwa sheria hiyo mifuko saba iliunganishwa kuwa fungu moja, ambalo sisi katika somo hili tutaliita Fungu la Maendeleo. Tangu hapo mji hauombi kazi moja moja. Hupewa fungu lake kila mwaka, kisha huambiwa: haya ndiyo mambo yaruhusiwayo, haya ndiyo yakatazwayo, amueni wenyewe. Msimamizi wake ni Idara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo iliundwa mwaka 1965.

Hesabu kabla ya maneno

Jambo la kwanza haliamuliwi na mtu, bali na hesabu. Katika kila dola 100 za Fungu la Maendeleo, dola 70 hwenda moja kwa moja kwa miji mikubwa na kaunti kubwa, na dola 30 hupewa majimbo, ili nayo yaigawie miji midogo na vijiji. Wanaopewa moja kwa moja ni miji iliyo mikuu katika maeneo yake, miji mingine yenye watu 50,000 au zaidi, na kaunti zenye watu 200,000 au zaidi pasipo kuihesabu miji ile iliyo na fungu lake yenyewe. Wapokeaji wote pamoja, miji, kaunti na majimbo, wapata 1,200.

Ziko njia mbili za kupiga hesabu. Ya kwanza, iliyoanza na sheria yenyewe, hutazama mambo matatu: idadi ya watu, umaskini, na msongamano wa watu katika nyumba. Umaskini huhesabiwa mara mbili ya kila kimoja cha hayo mengine. Lakini baada ya muda mfupi ilionekana ya kuwa njia hiyo inaifaa zaidi miji inayokua, na kuidhulumu miji mikongwe ya viwanda iliyokuwa ikipoteza watu. Nyumba zake zilikuwa kuukuu, mabomba yake yalikuwa yameoza, ila msongamano haukuwapo, kwa sababu wakazi walikuwa wakihama. Kwa hiyo mwaka 1977 Bunge liliongeza njia ya pili, inayotazama umaskini, idadi ya nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1940, na jinsi mji ulivyobaki nyuma katika kukua. Nyumba za zamani peke yake ni nusu ya hesabu hiyo. Kila mji hupigiwa hesabu kwa njia zote mbili, ukapewa ile iliyo kubwa zaidi, kisha mafungu yote hupunguzwa kwa kadiri moja ili jumla isizidi fedha zilizotolewa na Bunge. Ndiyo sababu Cleveland na Detroit hupata fungu lao kwa ajili ya ukongwe wa nyumba, na Houston na Los Angeles kwa ajili ya wingi wa watu na msongamano.

Hapo diwani hana neno. Anachoweza ni kuhimiza wakazi wake wahesabiwe katika hesabu ya watu ya kila miaka kumi. Jumla ya fedha nayo hutegemea Bunge, na imekuwa ikipungua: mwaka 2001 Bunge lilitoa yapata dola bilioni 4.4, na mwaka 2024 dola bilioni 3.3, ingawa bei ya saruji, mbao na kazi ya fundi imepanda sana katika miaka hiyo. Mwaka 2017 serikali ya Rais Donald Trump ilipendekeza Fungu hili lifutwe kabisa. Bunge likakataa, na katika makadirio ya mwaka 2018 likaliongeza.

Mipaka iliyowekwa na sheria

Basi mji umeletewa barua inayotaja fungu lake. Je, waweza kufanya upendalo? La. Kila kazi lazima itimize moja ya makusudi matatu: kuwafaa watu wenye mapato madogo na ya wastani, kuzuia au kuondoa uchakavu wa mitaa, au kukabili hatari ya ghafula iliyotokea karibuni ambayo mji hauna fedha nyingine za kuikabili. Tena si chini ya dola 70 katika kila 100 zitumikazo lazima ziwe za kusudi lile la kwanza. Mwenye mapato madogo au ya wastani ni yule ambaye jamaa yake haipati zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya kati ya eneo lake. Mapato ya kati ni kiasi kile ambacho nusu ya jamaa hupata zaidi yake na nusu hupata pungufu.

Namna ya kuthibitisha jambo hilo hutofautiana kwa kazi na kazi. Mji ukitaka kujenga njia ya waendao kwa miguu au bustani ya mtaa, hutazama ramani na hesabu ya watu, na lazima uonyeshe ya kuwa katika eneo lile wakazi 51 katika kila 100, kwa uchache, ni wenye mapato hayo madogo au ya wastani. Barabara kuu inayotumiwa na mji mzima haipiti kwa urahisi katika kipimo hicho, kwa kuwa wanaoitumia hutoka kila upande. Ukitaka kumwezekea mtu paa, hutazama mapato ya jamaa ile yenyewe. Tena wako watu ambao sheria huwahesabu kuwa wenye shida pasipo kuwadai hati za mshahara: wazee, watoto walioteswa, wenzi waliopigwa nyumbani, watu wasio na makao, watu wazima wenye ulemavu mkubwa, wasiojua kusoma, wenye UKIMWI, na vibarua wa mashambani wahamao kufuata mavuno.

Yako mambo yaliyokatazwa waziwazi. Mji hauwezi kutumia Fungu hili kujijengea ofisi za serikali yake, wala kulipa gharama zake za kawaida, wala kwa kazi ya siasa. Hauwezi kuwapa watu fedha za matumizi mwezi hata mwezi. Kwa kawaida hauwezi hata kujenga nyumba mpya za kukaa, ijapokuwa waweza kununua kiwanja, kuweka mabomba, na kutengeneza nyumba za zamani. Kanuni moja huwashangaza wengi: kuziba mashimo ya barabara hakuruhusiwi, wala kufyeka majani ya bustani, wala kubadili balbu za taa za barabarani zilizokwisha. Hizo ni kazi za matunzo, nazo ni wajibu wa mji kwa kodi yake. Lakini kuijenga upya barabara ile ile yenye mashimo kunaruhusiwa. Mwenye haraka ataona ni upuuzi. Sababu yake ni kwamba mji ukiruhusiwa kuziba mashimo kwa fedha za maskini, utaacha kuyaziba kwa fedha zake wenyewe, na mwisho wa mwaka maskini watakuwa hawakuongezewa kitu.

Iko mipaka miwili mingine, na hiyo ndiyo iletayo kelele nyingi. Gharama za ofisi na mipango zisizidi asilimia 20. Huduma za watu, kama vile shule za malezi ya watoto, chakula cha wazee, mafunzo ya kazi na hifadhi ya wasio na makao, zisizidi asilimia 15. Tuchukue mfano wa mji uliopewa dola 1,000,000. Ofisi yaweza kuchukua hadi dola 200,000. Huduma za watu haziwezi kupita dola 150,000. Zinabaki dola 650,000 kwa nyumba, barabara, mitaro, majengo ya jamii na biashara ndogo ndogo.

Sasa fikiri: tuseme vyama 30 vya hisani vimeomba fedha za huduma, na kila kimoja chataka dola 20,000. Jumla ni dola 600,000, nazo zilizopo ni 150,000. Ukumbi utajaa. Mama mwenye kulea watoto wa wenzake atasimama, na mzee aletewaye chakula atasimama, na kila mmoja atasema kweli. Zile dola 650,000, zilizo zaidi ya mara nne, huenda zikapita usiku uo huo pasipo mtu kuuliza swali, kwa maana mtaro hauna chama cha kuutetea. Wanaoyatazama mambo haya kwa makini hujifunza kuuliza kwanza habari za zile 650,000.

Mwaka wa kazi

Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 1995, kila mji hutengeneza mpango mkuu wa miaka mitatu hadi mitano, na ndani yake mpango wa utekelezaji wa kila mwaka. Mpango mkuu hueleza hali ya nyumba, idadi ya wasio na makao, mitaa iliyo nyuma, na mambo yatakayotangulizwa. Ni kitabu kinene, chenye majedwali mengi, na wachache hukisoma. Walakini ndicho kinachoshika usukani, kwa sababu ombi lisilopatana nacho haliwezi kupewa fedha katika miaka ile yote. Kikisema ya kuwa jambo la kwanza ni kutengeneza nyumba za wazee, chama kitakachokuja mwaka wa tatu kuomba uwanja wa mpira kitakuwa kimechelewa miaka mitatu.

Mji lazima uitishe mikutano ya hadhara isiyopungua miwili kwa mwaka, tena katika nyakati mbalimbali za kazi. Mmoja wa hiyo lazima ufanyike kabla rasimu ya mpango haijatangazwa, ili wakazi waseme mahitaji yao wakati karatasi bado ni nyeupe. Kisha rasimu hutangazwa kwa siku 30 ili kila mtu atoe maoni. Mahali pa mkutano pawe panafikika na walemavu, na saa zake ziwafae wale watakaofaidiwa. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, umewaita waajiri umewaacha vibarua. Tena pale inapotazamiwa ya kuwa wakazi wengi wasiojua Kiingereza watahudhuria, mji lazima ueleze jinsi utakavyowasaidia. Jambo hilo lawahusu hata wasemaji wa lugha yetu, kwa kuwa wakimbizi wengi kutoka Kongo wamehamia katika miji kama Louisville, jimbo la Kentucky, ambako Kiswahili kimekuwa moja ya lugha zisemwazo sana na wahamiaji.

Je, madiwani wamefungwa kuyafuata maneno ya wananchi? Hawakufungwa. Wamefungwa kuyapokea, kuyafikiri, na kuyaandika. Maoni ambayo hayakukubaliwa lazima yaandikwe kwa muhtasari pamoja na sababu za kuyakataa, na maandishi hayo yaambatane na mpango unaopelekwa kwa Idara. Kanuni hii yaonekana ndogo, lakini ina nguvu kuliko makofi ya ukumbini. Mkazi aliyesema kwa mdomo husahauliwa. Aliyeandika barua katika zile siku 30, maoni yake yakikataliwa, lazima sababu iandikwe, na jibu hilo hubaki katika faili. Mwaka unaofuata aweza kulishika mkononi na kuuliza, "Mlisema hakuna fedha za taa mtaani kwetu. Mbona za maegesho ya magari zilipatikana?"

Katika miji mingi maombi hupitia kwanza mikononi mwa maafisa, ambao huyatupa yale yasiyopatana na sheria, kisha kamati ya wakazi huyapima na kuyapa alama, kisha meya au mkurugenzi wa mji hupendekeza, na mwisho Baraza hupiga kura. Kufikia siku ya kura sehemu kubwa ya mambo imekwisha kukatwa. Diwani aweza kuhamisha dola elfu chache kutoka chama hiki kwenda kile. Ni nadra kuupindua mpango mzima.

Kutawanya au kukusanya: habari ya Richmond

Liko swali moja ambalo sheria haikulijibu, nalo ni zito kuliko mengine. Je, fedha zitawanywe mji mzima, kila mtaa ukapata kidogo, au zikusanywe mahali pachache mpaka kazi ionekane? Madiwani wengi hupenda kutawanya, kwa sababu iliyo wazi: kila mmoja ana wapiga kura wake. Katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, kwa miaka mingi sehemu ya Fungu hili iligawiwa kwa kata, na diwani alikuwa na sauti kubwa juu ya sehemu ya kata yake. Njia hiyo ina haki ya namna yake, kwa kuwa hakuna aachwaye kabisa. Kasoro yake ni kwamba nyumba moja hupakwa rangi hapa, na nyingine hutengenezwa ngazi kule, na katikati yake magofu kumi hubaki vile vile. Mwenye duka hatarudi mtaani kwa sababu ya ngazi moja.

Richmond, mji mkuu wa jimbo la Virginia, ulifanya vingine. Mwaka 1970 mji huo ulikuwa na watu wapatao 250,000; kufika mwaka 2000 walikuwa wamepungua chini ya 200,000, na nyumba nyingi katika mitaa ya zamani zilikuwa tupu, madirisha yakiwa yamepigiliwa mbao. Baraza lake lina madiwani tisa, kila mmoja wa sehemu yake, na fedha zilikuwa zikigawiwa kidogo kidogo kila mahali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maafisa walileta shauri gumu: sehemu kubwa ya fedha za Serikali Kuu ipelekwe katika mitaa michache tu kwa miaka kadhaa, na mingine ingoje.

Mitaa ilipimwa kwa mizani miwili. Wa kwanza ulikuwa wa hali: nyumba tupu, uhalifu, umaskini. Wa pili ulikuwa wa matumaini: kama mtaa una chama cha wakazi chenye nguvu, kama una mpango uliokwisha tungwa, kama nyumba zake bado zaweza kuokolewa. Mzani huu wa pili ndio ulioleta ubishi. Mtu aweza kusema ya kuwa fedha za maskini ziende kwa aliye maskini kuliko wote, basi. Wenye shauri walijibu ya kuwa mtaa ulioporomoka kabisa ungezimeza fedha zote za mji na bado usionyeshe dalili, ilhali ule ulioko ukingoni waweza kuzuiwa usianguke. Baada ya mikutano na wakazi, Baraza lilikubali mitaa saba, miongoni mwake Church Hill, Jackson Ward, Blackwell, Carver na Southern Barton Heights. Mwaka 1999 kazi ilianza chini ya mpango ulioitwa Neighborhoods in Bloom, yaani mitaa inayochanua. Hata ndani ya mtaa fedha hazikusambazwa, bali zilielekezwa katika safu chache za nyumba zilizo karibu karibu.

Mwaka 2005 Benki ya Federal Reserve ya Richmond ilichapisha uchunguzi juu ya kazi hiyo. Wachunguzi walikuta ya kuwa katika sehemu zile zilizolengwa bei za nyumba zilipanda kwa mwaka asilimia 9.9 zaidi ya wastani wa mji mzima. Waliona pia ya kuwa matokeo yalikuwa makubwa pale ambapo fedha zilipita kiasi fulani; pale zilipokuwa haba, hazikuonyesha kitu.

Kwa maoni ya mwandishi wa somo hili, Richmond ulifanya jambo la ushujaa, maana si rahisi diwani kurudi kwa watu wake na kuwaambia wangoje. Lakini bei ya nyumba si kipimo kitoshacho. Mwenye nyumba yake hufurahi ikipanda, ingawa kodi ya majengo nayo hupanda pamoja nayo. Mpangaji hana cha kufurahia. Church Hill ya leo ina migahawa na nyumba za bei ambayo jamaa nyingi zilizokuwa zikikaa pale zamani hazingeweza kuilipa. Kwa hiyo mji unaokusanya fedha mahali pamoja yapasa uamue siku ile ile ni nyumba ngapi zitakazolindwa kwa ajili ya wenye mapato madogo, maana baada ya bei kupanda kiwanja chenyewe hakinunuliki tena.

Sheria ilipopindwa

Miaka ya kwanza ya Fungu la Maendeleo ilikuwa na ulegevu mwingi. Mwaka 1976 chama kiitwacho Southern Regional Council, chenye makao yake Atlanta, kilichapisha taarifa juu ya miji ya kusini. Kati ya mambo yaliyotajwa ni kiwanja cha tenisi cha Little Rock, jimbo la Arkansas, kilichotengewa fedha hizo katika sehemu ya watu wenye nafasi. Wakati huo sheria haikuwa imetaja kiasi cha fedha ambacho lazima kiwafikie wenye mapato madogo. Bunge likaendelea kukaza: mwaka 1983 ikawekwa asilimia 51, mwaka 1987 ikawa 60, na mwaka 1990 ikawa 70 ambayo tumekwisha kuitaja.

Mashauri mengine yalifika mahakamani. Mwaka 1975 mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, ulishtaki kwa sababu ya miji midogo saba iliyouzunguka. Sheria iliitaka kila miji ikadirie ni watu wangapi wenye mapato madogo watakaohamia kwake, ili iwaandalie nyumba. Karibu yote iliandika sifuri, nayo Idara ya Washington ikaikubalia fedha. Januari 1976 jaji alizizuia fedha hizo. Mwaka 1977 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu ile, si kwa kusema ya kuwa sifuri ilikuwa sawa, bali kwa kuwa Hartford haukuwa na haki ya kuleta shauri lile.

La Westchester lilikwenda mbali zaidi. Kaunti hiyo iko kaskazini ya jiji la New York, na kila mwaka, ilipopokea fedha, ilitia sahihi hati ya kusema ya kuwa inaondoa vizuizi vya ubaguzi katika makazi. Mwaka 2006 chama cha kupinga ubaguzi kiliishtaki, kikisema ya kuwa hati zile zilikuwa za uongo na ya kuwa dola zaidi ya milioni 52 zilipokewa kwa uongo huo kati ya mwaka 2000 na 2006. Jaji Denise Cote akaona ya kuwa kaunti haikuwa imetazama kabisa habari ya rangi katika uchunguzi wake. Agosti 2009 kaunti ilikubali mapatano ya dola milioni 62.5, na kujenga nyumba 750 za bei nafuu, zilizo nyingi kati yake katika miji ambayo karibu wakazi wote walikuwa Wazungu. Ile sahihi ambayo makarani waliiona kuwa desturi tu ilikuja kugharimu kuliko fedha zenyewe.

Baada ya kura

Baraza likiisha kupiga kura, mpango hupelekwa kwa Idara siku 45, kwa uchache, kabla ya mwaka wa kazi kuanza. Idara haichagui kazi. Yaweza kuukataa mpango kama haupatani na makusudi ya sheria au kama haukutimia. Isipousema neno katika siku 45, mpango umekubaliwa. Kisha mji hufanya uchunguzi wa mazingira wa kila kazi kabla ya kujifunga kwa fedha yoyote, na hufanya mikataba na vyama vitakavyotekeleza. Aghalabu chama hutumia kwanza fedha zake ndipo kirudishiwe kwa kuonyesha stakabadhi, na hapo vyama vidogo huumia, maana havina akiba ya kungojea. Kazi ya ujenzi ipitayo dola 2,000 kwa kawaida hulipwa mishahara iliyopangwa na serikali kwa eneo lile, isipokuwa kutengeneza jengo la kukaa lenye nyumba zisizofika nane.

Mji haukuruhusiwa kukalia fedha. Siku 60 kabla ya mwaka wake kwisha, akiba isiyotumika isizidi mara moja na nusu ya fungu la mwaka. Kwa mji wetu wa mfano, isipite dola 1,500,000. Mji unaochelewa waweza kupunguziwa fungu la mwaka ujao, na kwa hofu hiyo maafisa hupenda kuwa na barabara moja iliyokwisha chorwa, tayari kujengwa, ili fedha zikikwama kwa chama fulani zihamie huko upesi. Uhamisho mkubwa ni badiliko la mpango, nao unapaswa kutangazwa kwa siku 30 kama mpango wenyewe.

Mwaka ukiisha, mji una siku 90 za kupeleka taarifa inayotaja kila kazi, fedha zilizotumika, na watu waliofaidiwa. Kabla haijapelekwa, taarifa hiyo huwekwa wazi kwa wakazi kwa muda usiopungua siku 15. Kwa kawaida siku hizo huangukia wakati ule ule maafisa wanapoitisha mkutano wa kwanza wa mpango mwingine, na mkazi aliyeisoma taarifa ya mwaka uliopita huingia ukumbini akiwa na hesabu mkononi.